Donge la Simenti Ndani ya Alimantasyo

Espoir na Nsimire, ninyi mliobaki na funguo za karakana yetu ya Ndosho, hapa Goma, siku yangu ya mwisho mliniuliza swali ambalo wateja hawaliulizi kamwe: mtu anayejenga kompyuta aangalie nini kwanza anapochagua alimantasyo? Niliwajibu kwa maneno mawili, nikapanda pikipiki, nikaenda nyumbani. Njiani niliona kwamba jibu langu lilikuwa fupi mno kuliko kosa lililonifundisha. Ndiyo maana ninaandika. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa sekondari, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Kwa atakayesoma bila kuijua kazi yetu: alimantasyo ni kile kisanduku cha chuma chenye feni nyuma ya kompyuta. Kinapokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani kwa vipimo vidogo. Kila kitu kingine hula kutoka hapo. Mteja huuliza kompyuta ina kasi gani, ina kumbukumbu kiasi gani, inang'aa taa za rangi gani. Fundi huuliza italishwa na nini.

Nilifika Ndosho nikitokea Masisi nikiwa tayari mtu mzima, nina mke na mtoto mmoja, na ujuzi wangu wote ulikuwa kufungua redio na kuifunga tena bila kubakiza skrubu. Muzee Paluku alinipokea. Alikuwa Mnande wa Butembo, fundi wa redio aliyehamia kwenye kompyuta maofisi yalipozidi mjini. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa brashi ya rangi, ile ya kupakia milango, na kompyuta sita zilizojaa vumbi. Mnalijua vumbi letu. Ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano tunayojengea na kukanyagia, na likiingia kwenye feni linakaa kama limejenga. Nilipiga brashi hadi mchana. Nilipotema mate yalikuwa meusi pia.

Mchana aliniita, akaniwekea alimantasyo mbili, moja kila mkono.

"Funga macho," akasema. "Sasa niambie, gani iko na nyama?"

Nikasema ya mkono wa kuume.

"Njo hiyo. Ile ingine iko na upepo."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu, na ninawaambia kwa uhakika kwamba wakati ule ilikuwa shule nzuri. Alimantasyo ya kweli ilikuwa nzito kwa sababu ndani yake kulikuwa na shaba iliyosokotwa, vipande vinene vya alumini vya kubeba joto, na kapasita nene kama vidole gumba. Ya uongo ilikuwa na nusu ya vitu hivyo, na stika nzuri zaidi. Stika haijawahi kunidanganya kwa sababu sijawahi kuisoma kwa imani. Yeyote mwenye printa anaweza kuandika wati mia saba. Niliwahi kukuta alimantasyo ya wati mia saba iliyoshindwa kuwasha balbu mbili za taa za gari. Stika yake ilikuwa ya rangi ya dhahabu.

Zile balbu mbili zilitoka kwa fundi wa magari jirani yetu. Muzee Paluku alizifunga kwenye ubao. Alimantasyo ikimtia shaka, aliunganisha waya wa kijani na mweusi ili iwake bila kompyuta, akaibebesha balbu, kisha akaweka kipimo cha volti kwenye waya wa njano. Inatakiwa isome kumi na mbili. Ikishuka chini ya kumi na moja na nusu wakati balbu zinawaka, anairudisha ilikotoka. Lakini kazi hiyo ilichukua muda, na ile nzito aliiachilia. "Nzito haiombake taa," alisema. Mimi nikalishika neno hilo kama amri.

Kulikuwa na mambo mengine aliyoyathamini, nami nayathamini hadi leo. Unene wa waya, kwa sababu waya mwembamba hupata joto, na ganda lake huanza kunuka kabla ya kuyeyuka. Feni iliyozungushwa kwa kidole ikaendelea kidogo yenyewe bila kukwaruza. Na zaidi ya yote, uvumilivu wa umeme mbaya. Huku kwetu umeme hauzimiki tu, unarudi pia, na kurudi kwake ndiko kunakoua. Ukutani mwa karakana kulikuwa na kipimo cha volti, na tulikuwa tukikitazama kama wengine wanavyotazama saa. Fundi wa nchi nyingine anaweza kuchagua alimantasyo kwa sababu haina kelele. Goma kelele tunazo nyingine.

Mke wangu Vumilia aliniletea chakula karakana siku nyingi. Siku moja alitukuta mimi na Muzee Paluku tumefunga macho, kila mmoja ana visanduku viwili mikononi, tunayumbisha mikono juu na chini. Alisimama mlangoni na sufuria yake akatutazama muda mrefu.

"Batatu," akatuambia, ingawa tulikuwa wawili, "munafanana na bamama balitoka kuzala, kila moja anasema wake njo munene."

Muzee Paluku akauliza wa tatu ni nani.

"Ni ule mushetani anawafundisha hiyo kazi."

Kisha akacheka. Vumilia alikuwa na jino moja la juu lililovunjika pembeni, la kushoto, na kwa ajili yake alicheka na mkono mdomoni. Kicheko kikimzidi mkono ulisahau kazi yake, na hapo ndipo ulimwona vizuri. Siku hiyo mkono ulisahau. Muzee Paluku alicheka hadi akakiweka chini kisanduku kizito, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi.

Muzee Paluku alifariki kwao Butembo. Aliniachia kipimo chake cha volti, ubao wa balbu, na mikono yangu miwili iliyokwisha kufundishwa. Nilifanya kazi naye miaka mingi na peke yangu miaka mingi zaidi. Nimejenga kompyuta za wachungaji, za wanafunzi, za redio ndogo za mtaani. Nimetoa panya kwenye alimantasyo ya katekista mmoja, naye akaniomba nisiseme, kwa hiyo sisemi ni wa parokia gani. Sitawachosha na yote. Nataka kuwapeleka Mabanga.

Katika mtaa huo alikuwako, na bado yuko, Mama Kavira mwenye studio ya picha. Watu wa mtaa mzima walipita mbele ya pazia lake la buluu: picha za kadi, za shule, za ubatizo. Picha zote alizihifadhi kwenye kompyuta niliyomjengea mimi. Na mnajua desturi yetu. Mtu akifa, familia inakwenda studio kutafuta picha yake hata kama ni ya kadi, ikuzwe, itiwe kwenye fremu, iwekwe juu ya sanduku wakati wa kilio. Wengi waliokimbilia mjini hapa walikimbia na nguo za mwilini. Picha ya pekee ya mama yao ni ile aliyopigwa kwa Mama Kavira. Kwa hiyo ile kompyuta haikuwa ya biashara tu. Mama Kavira alilijua hilo, akaniomba nimwekee diski ya pili, yenye nakala ya kila kitu. Nikaiweka ndani ya kompyuta ileile, chini ya ile ya kwanza, nikajisikia fundi kamili.

Vumilia naye alipita mbele ya pazia lile. Alihitaji picha ya kadi. Mama Kavira alimwambia asicheke, akapiga moja, yenye uso wa serikali. Alipomwambia sasa unaweza kupumua, Vumilia alicheka na mkono ukasahau, na Mama Kavira akapiga ya pili. Ile ya kwanza tuliichukua. Ya pili ilibaki kwenye kompyuta.

Vumilia alipokufa, tulikuza ile ya kwanza, kwa sababu kwenye kilio hatuweki mtu anayecheka. Nilipanga kwenda kuchukua ya pili baadaye. Mwezi ulipita, na mingine. Kila nikienda kurekebisha kitu pale studio, Mama Kavira aliniambia kwa sauti ndogo kwamba iko palepale, nitaichukua siku nitakayoweza. Nilimshukuru, nikabeba mfuko wangu nikatoka. Karibu mwaka mzima nilifanya hivyo.

Kisha alimantasyo yake ikaanza kuchoka. Kompyuta ilizimika kila printa ilipoanza kazi. Nilikwenda mjini kutafuta nyingine, nikaingia duka moja, nikawekewa tatu mezani. Nilifunga macho. Ya tatu ilikuwa nzito kuliko alimantasyo yoyote niliyowahi kushika. Nilifurahi. Nilimkumbuka Muzee Paluku, na nadhani hata nilitabasamu mbele ya muuzaji. Sikuifungua. Sikuipeleka kwenye balbu. Mama Kavira alikuwa na picha za harusi za kuchapa, anasubiri, na nzito haiombi taa. Niliifunga asubuhi ileile.

Ilifanya kazi wiki chache. Kisha siku moja saa nane mchana umeme ulikatika mtaani, ukarudi, na Mama Kavira akanipigia simu. Nilimkuta amesimama nje ya studio, ndani kunanuka. Kinyozi wa jirani alikuwa amekwisha kutoa hukumu mbele ya watu: ni kura, ndivyo tunavyouita umeme huku, imerudi na nguvu, bote tunaijua. Watu walitikisa vichwa. Hakuna mtu Goma ambaye angebisha. Lakini nilitazama kote. Redio ya kinyozi ilikuwa inaimba. Televisheni ya duka la mbele ilikuwa inawaka. Kilichokufa ni kimoja.

Niliifungua alimantasyo juu ya meza yake. Ndani kulikuwa na koili ndogo kama ya chaja ya simu. Kwenye ubao wake palikuwa na mahali palipochorwa vifaa vya kuzuia umeme ukizidi, na mahali hapo hapakuwa na kitu, matundu matupu tu. Na kwenye sakafu ya kisanduku, limegandishwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi, kulikuwa na donge la simenti.

Nilikaa nikilitazama. Wale wauzaji walikuwa wametuona. Walituona sisi mafundi tukiingia, tukifunga macho, tukiyumbisha mikono, na mtu mmoja mahali fulani akasema: kama hawa wanataka uzito, tuwape uzito.

Kisha nikapima diski. Ya kwanza haikuzunguka. Ya pili, ile ya nakala, haikuzunguka pia. Zote mbili nilikuwa nimezilisha kutoka alimantasyo moja.

Nje bado walikuwa wanausema vibaya umeme. Ningeweza kurudisha kifuniko na kuuachia umeme lawama, na ninawaambia ukweli, mkono wangu ulikuwa umekwisha kukishika. Mama Kavira aliingia.

"Papa Bauma, ni kura?"

"Hapana, mama. Kura ilirudi vile inarudiaka siku zote. Ni kitu mimi niliweka."

Akainama akatazama. "Na hii ni nini?"

"Ni simenti."

"Ndani ya mashini?"

"Ndiyo. Balijua tunapimaka na mukono. Nami sikufungua."

Aliketi kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya pazia la buluu. Hakunitukana. Heri angenitukana. Akauliza, "Na Mama Vumilia?"

"Naye alikuwa mule."

Siku tatu baadaye nilikuwa pale nikijaribu diski ya pili aliponijia mtu mmoja wa Munigi, wa familia ya kutoka Masisi kama mimi. Mama yake amefariki usiku uliopita, wanazika kesho, amekuja kuchukua picha. Mama Kavira alinitazama. Nikaona si haki aseme yeye. Nilimweleza yule ndugu kilichotokea, nani alikifanya, na kwamba sijui kama nitaweza kukirekebisha. Alisikiliza akiwa ameshika kofia yake.

"Basi," akasema, "tutamuzika bila sura."

Akanipa mkono na kutoka. Ule mkono ndio ulionifanyisha kazi miezi miwili iliyofuata.

Nyote wawili mmeniona nikifanya kazi hii, lakini nieleze kwa ajili ya wengine. Diski ina ubao mdogo wa umeme chini yake. Ubao ukiungua, mara nyingine sahani za ndani bado ziko nzima. Unatafuta diski nyingine ya aina ileile kabisa, unachukua ubao wake, na kijidude kimoja kidogo chenye miguu minane unakitoa kwenye ubao ulioungua na kukilehemu kwenye ule mzima, kwa sababu ndicho kinachoijua diski yako. Ni kazi ya saa moja. Kuipata ile diski nyingine ndiyo kazi ya miezi. Niliuliza Ndosho yote. Niliuliza sokoni kati ya marundo ya vyuma. Mwishowe niliipata Munigi, ndani ya kompyuta iliyokufa ya sekretari wa shule, ambaye alikuwa ameiwekea chungu cha maua juu. Aliniambia niichukue ila chungu nimwachie, na nimtengenezee printa yake. Nilitengeneza printa.

Nililehemu vijidude vya diski zote mbili mchana, mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kukataa taa. Mama Kavira alikuja na kusimama nyuma yangu. Nilizijaribu kwa zamu, kila moja na kijidude chake: diski ya kwanza ilipiga kelele ya kugonga, tukaizima. Imekufa hadi leo. Ya pili ilizunguka. Majina ya folda yakaanza kutokea moja baada ya jingine, na Mama Kavira alikuwa akiyasoma kwa sauti kama anayeita watoto waingie ndani.

Folda nyingi zilifunguka. Mama wa yule ndugu alikuwemo, amevaa kitambaa cha kijani. Tulimchapa kwenye karatasi, na mimi mwenyewe nikampeleka Munigi kwa pikipiki, nimemshika kifuani asipinde. Yule ndugu alimtundika ukutani mbele yangu, akaniletea kiti. Hatukuzungumza juu ya alimantasyo.

Sehemu nyingine za diski zilikuwa zimeharibika. Folda za miezi kadhaa hazikufunguka, na mwezi wa Vumilia ulikuwa kati yao. Nilijaribu kwa njia zote ninazozijua na mbili nisizozijua. Hazikufunguka.

Tangu hapo, mnajua tulivyofanya. Kila alimantasyo inafunguliwa mbele ya mteja kabla haijafungwa kwenye kompyuta yake, hata ikiwa na karatasi ya garanti, yaani dhamana ya duka, kwa sababu garanti ya Goma inaishia kwenye mlango wa duka. Kila moja inabeba balbu mbili kwa muda wa watu kunywa chai na kuimaliza, huku kipimo kikiwa kwenye waya wa njano. Nakala haikai ndani ya kompyuta ileile. Baadhi ya wauzaji waliacha kuniuzia, na hao ndio ambao sikuwahitaji. Uzito bado naupenda. Ila sasa naupima baada ya kufungua.

Hilo ndilo jibu langu refu. Wajenzi wengine watawaambia wanathamini wati, au ukimya, au jina lililoandikwa ubavuni. Mimi nathamini nilichokiona ndani kwa macho yangu.

Mwezi uliopita, siku mliyoniaga, mlimwona Mama Kavira akija na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Mlikuwa mnamimina Fanta na hamkusikia tulichosema. Alikifungua kwenye meza ya nyuma. Ilikuwa fremu. Ndani yake alikuwemo Vumilia, ile picha yake ya kadi tuliyoikuza kwa kilio, lakini anacheka. Mpwa wa Mama Kavira alikuwa ameifanya kwa simu. Siku hizi wanaweza: unaipa simu mtu mwenye uso wa serikali, inakurudishia mtu anayecheka.

"Tulimuchekesha, Papa Bauma," akasema. "Ile nilikupotezea."

Nikamwambia hakupoteza yeye. Kisha nikaitazama. Ilikuwa nzuri. Ngozi ilikuwa yake, kitambaa chake, macho karibu kuwa yake. Meno yalikuwa mazima yote, meupe, yamepangwa vizuri. Hakukuwa na mkono popote.

Nilipoinua macho, nikaona anajua ninachotazama.

"Mama, ni muzuri," nikasema. "Aksanti. Lakini haiko yeye."

"Nilijua utasema vile." Aliigeuza, uso ukaangalia meza. "Ni jino?"

"Ni jino."

"Mpwa wangu hakumujua."

"Hakumujua," nikasema. "Sisi tulimujua."

Aliketi nami, tukanywa Fanta, na akanihadithia siku ile ya pazia la buluu yote tangu mwanzo: alivyomwambia asicheke, alivyomwambia apumue. Alipofika kwenye mkono, aliuinua wake mwenyewe hadi mdomoni na kuuacha uanguke. Nilimwona Vumilia vizuri kabisa.

Kipimo cha volti na ubao wa balbu ni vyenu. Balbu ya kushoto inalegea, ikazeni. Donge la simenti nimelichukua. Liko nyumbani mezani, chini ya picha ya Vumilia asiyecheka.